Boksi la ofisini au kuunga mwenyewe? Ulinganisho wa kompyuta ya gemu kwa mwenye bajeti ndogo

Mwenye pesa ya kubana anayetaka kompyuta ya gemu ana njia mbili, na ya tatu iko katikati yake. Ya kwanza ni kununua boksi lililotumika ofisini huko Ulaya au Ghuba, yaani zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue, ambazo Wakenya huziita "ex-UK", kisha kulichomekea kadi ya michoro. Ya pili ni kuunga mwenyewe kipande kwa kipande. Ya katikati ni kuunga bila kadi, kwa prosesa yenye michoro yake ndani, kadi ikaja mfuko ukishapumua.

Wengi wakiingia dukani, swali la kwanza ni kadi. Mimi ningeanza na pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. Kadi hubadilishwa kwa dakika kumi, lakini pawa saplai ndiyo inayosema kadi gani itaingia leo, ipi itaingia mwakani na ipi haitaingia kabisa. Ukilielewa hilo, maswali mengine yote yanakuwa mepesi.

Boksi la ofisini

Uzuri wake unaonekana mara moja: kwa bei moja unaondoka na prosesa, ubao mama, RAM, kasha, pawa saplai, na mara nyingi leseni ya Windows iliyokwisha kujifunga kwenye ubao. Ni vitu vilivyotengenezwa kufanya kazi mchana kutwa kwa miaka. Pawa saplai yake ni ndogo, lakini haidanganyi: iliyoandikwa wati 240 inatoa wati 240.

Tatizo la kwanza ni kizazi. Muuzaji atakwambia "hii ni Core i5" kana kwamba amemaliza maneno, wakati i5 zimetoka tangu 2009. Soma tarakimu zinazofuata kistari: za mwanzo ndizo kizazi. Core i5-7500 ya mwaka 2017 ina viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja. Core i5-8500 ya mwaka uliofuata ina viini sita. Kwa mwaka mmoja tu Intel iliongeza viini viwili, na kwenye gemu za leo tofauti hiyo unaiona kwa macho: ile ya viini vinne inakwama-kwama pale mabomu yanapolipuka na watu wakajaa kwenye skrini.

Kuna na jambo la Windows. Microsoft ilifunga huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Ndiyo, fundi anaweza kuilazimisha kwenye mashine ya zamani na itawaka. Ila gemu kama Valorant, ukiwa kwenye Windows 11, hukagua kwanza kama mashine ina TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kama Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) imewashwa, na isipoviona haifunguki. Kwa hiyo mstari wangu uko hapo: OptiPlex 3060, 5060 au 7060, EliteDesk 800 G4, na wenzao wa rika hilo. Chini ya hapo bei ishuke sana ndipo tuzungumze.

Tatizo la pili ni umbo. Maboksi haya huja kwa maumbo matatu. Lile dogo linalotosha kiganjani halina kabisa nafasi ya kadi, kwa hiyo lipite. Lile jembamba linalolala chini ya monita, wanaloliita SFF, linapokea kadi fupi tu, zenye bamba la nyuma lililokatwa nusu, na kadi hizo ni adimu na ghali kuliko dada zao za kawaida. Unalolitaka ni lile refu, mnara kamili. Jembamba na refu yanaweza kuwa na jina moja na prosesa moja, na muuzaji asione haja ya kukueleza tofauti.

Tatizo la tatu ndilo kubwa. Fungua mfuniko wa OptiPlex ndefu utazame nyaya zinazotoka kwenye pawa saplai: ni chache, zote zinaelekea kwenye ubao, na hata umeme wa diski unatoka kwenye ubao wenyewe. Ule waya wa pini 6 au 8 unaolisha kadi kubwa haupo. Kadi yako itakula kile tu kinachotoka kwenye tundu la PCIe, lile la ubaoni inamochomekwa, na tundu hilo mwisho wake ni wati 75. OptiPlex 7060 ndefu ina pawa saplai ya wati 260. Jembamba yake ina 200.

"Si nitabadilisha pawa saplai?" Unaweza, lakini plagi za Dell na HP kwenye ubao si zile za pini 24 zilizozoeleka, kwa hiyo unahitaji waya wa kuunganishia wenye mpangilio sahihi wa modeli yako, na pawa saplai mpya juu yake. Jumlisha, utakuta umeshalipa sehemu nzuri ya gharama ya kuunga, na bado umebaki na ubao usiopokea prosesa ya vizazi vya mbele.

Pawa saplai ukiunga mwenyewe

Hapa ndipo watu wanapoungulia. Anayeunga mwenyewe huweka pesa kwenye kasha lenye kioo na feni za taa za rangi, kisha anachukua pawa saplai ya bei ya mwisho iliyoandikwa "500W" kwa herufi kubwa.

Igeuze usome jedwali lililobandikwa ubavuni. Tafuta mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi zote mbili hula hapo. Ukikuta ampea 18, zidisha: 12 mara 18 ni 216. Hiyo ndiyo pawa saplai uliyonayo, wati 216, hayo mengine ni maandishi. Yenye wati 500 za kweli itaonyesha ampea zinazokaribia 40 kwenye mstari huo. Ipime na mkononi: iliyo nyepesi kama sanduku tupu ina koili ndogo na kapasita chache. Nembo ya 80 Plus, ya kutopoteza umeme, inasaidia, ingawa nayo hugushiwa. Jedwali la ampea ni shahidi bora.

Angalia pia kama nyuma kuna kibonyezo chekundu cha 115 na 230. Zenye kibonyezo hicho zikitoka Marekani huja zimewekwa 115, na umeme wetu ni volti 230 na kitu. Ukichomeka bila kusogeza, utasikia mlio mmoja tu. Pawa saplai nzuri za siku hizi hazina kibonyezo, zinajipima zenyewe kuanzia volti 100 hadi 240.

Kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, hii si sehemu ya kubana. Kadi ya RX 6600, ambayo nitaisifia hapo chini, AMD wenyewe wanaitakia pawa saplai ya wati 450. Nunua ya 500 au 550 ya kampuni inayojulikana, mpya, na uweke stebilaiza au UPS ndogo mbele yake. Vingine vyote kwenye orodha naweza kuvinunua vimetumika bila wasiwasi. Hii hapana.

Prosesa: nani na nani

Kwa bajeti ndogo mashindano yako kati ya Ryzen za AMD za soketi (tundu la prosesa) ya AM4 na Core za Intel za kizazi cha kumi na mbili. AM5, soketi iliyofuata, ni nzuri, lakini inadai RAM ya DDR5 na ubao wa bei, na kwa sasa si ya mfuko huu.

Ryzen 5 5500 na Ryzen 5 5600 zilitoka mwezi mmoja, Aprili 2022, zote viini sita na nyuzi (mikondo ya kazi) kumi na mbili, na majina yao yamekaribiana kiasi cha kumfanya mtu achukue ya rahisi akidhani amepata bahati. Si ndugu wa karibu hivyo. 5500 kwa ndani ni 5600G iliyozimwa michoro: kumbukumbu yake ya ndani, ile L3, ni MB 16, na inaongea na kadi kwa PCIe 3.0. 5600 ina MB 32 na PCIe 4.0. Gemu za mashindano kama Counter-Strike 2 zinaipenda sana hiyo kumbukumbu ya ndani. Marekani zilizinduliwa kwa dola 159 na 199. Kama dukani kwako pengo ni dogo, lilipe hilo pengo.

Core i3-12100F ilizinduliwa kwa takriban dola 97, ina viini vinne na nyuzi nane, na kila kiini chake kina nguvu kweli. Kwa mtu anayecheza gemu tu, bila kurekodi wala kurusha mubashara, inaibeba RX 6600 vizuri. Ukianza kufungua Discord, kivinjari na programu ya kurekodi kwa pamoja, viini vinne vinaanza kuhema. Faida yake iko mbele: ubao wa H610 leo unaweka i3, kesho unaweka i5-12400F au hata za kizazi cha kumi na tatu na kumi na nne, mradi BIOS yake, programu inayouwasha ubao, imesasishwa. Hiyo herufi F mwishoni ina maana prosesa haina michoro yake. Bila kadi, monita inabaki nyeusi. Ryzen 5500 na 5600 nazo ni hivyo hivyo, japo hazina F.

Ukichukua ubao wa H610, uliza ni wa DDR4 au DDR5, kwani kuna wa aina zote mbili na tundu zake haziingiliani. Ukichukua B450 kwa ajili ya Ryzen 5000, uliza kama BIOS imesasishwa, maana ubao huo ni wa 2018 na prosesa ilikuja baadaye.

Kuna pia zile seti za Xeon, prosesa za seva, kutoka China, ubao wa X99 na prosesa yenye viini kumi na vinne kwa bei ya kushangaza. Xeon E5-2680 v4 ikijitahidi kabisa inafika GHz 3.3. Kwa kazi za kuhariri video sawa. Gemu inataka viini vichache vyenye kasi, na zile mbao zimeunganishwa kwa vipuri vilivyochopolewa kwenye mashine za zamani. Nazipita.

Njia ya katikati

Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina michoro ya Vega ndani. Inacheza Valorant, eFootball, FIFA za nyuma na GTA V kwa mipangilio ya chini, na unaweza kuanza nayo mwezi huu ukasubiri kadi. Sharti lake moja ni RAM vipande viwili. Michoro ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima ya mashine, na kipande kimoja cha GB 16 kinaifungia nusu ya barabara. Weka GB 8 mara mbili, utaona fremu, yaani picha zinazopita kwa sekunde, zinapanda bila kubadilisha kitu kingine.

Gharama yake inajificha baadaye. Siku kadi ikija, umebaki na prosesa yenye kumbukumbu ya MB 16 na PCIe 3.0, ambayo ilizinduliwa kwa bei kubwa kuliko 5600. Kwa hiyo njia hii inamfaa anayejua kwamba kadi iko mbali, mwaka au zaidi. Kama kadi ni ya miezi miwili mbele, vumilia, nunua 5600.

Kadi

| Kadi | Mwaka | Kumbukumbu | Wati | Waya wa ziada |
|---|---|---|---|---|
| GTX 1050 Ti | 2016 | GB 4 | 75 | nyingi hazihitaji |
| GTX 1650 | 2019 | GB 4 | 75 | baadhi hazihitaji |
| RX 6400 | 2022 | GB 4 | 53 | hapana |
| RTX 3050 ya GB 6 | 2024 | GB 6 | 70 | nyingi hazihitaji |
| RX 580 | 2017 | GB 8 | 185 | pini 8 |
| GTX 1660 Super | 2019 | GB 6 | 125 | pini 8 |
| RX 6600 | 2021 | GB 8 | 132 | pini 8 |

Nne za juu ni za boksi la ofisini. Tatu za chini ni za aliyeunga.

Kati ya zile nne, GTX 1050 Ti imezeeka: NVIDIA ilisitisha draiva (programu zinazoendesha kadi) mpya za gemu kwa familia hiyo Oktoba 2025, sasa inapata za usalama tu. Isitoshe ndiyo kadi inayogushiwa kuliko zote. Kadi za mwaka 2010 huandikwa upya BIOS zikajitangaza kuwa 1050 Ti, na Windows inaamini. Ishara rahisi iko nyuma ya kadi: ukiona tundu la bluu la VGA, rudisha. 1050 Ti halisi haitoi VGA. Programu ya bure ya GPU-Z nayo itakuonyesha ukweli.

RX 6400 ni mtego wa aina nyingine. Haijagushiwa, ila inatumia njia nne tu za PCIe. Kwenye ubao wa PCIe 4.0 inakwenda vizuri, lakini maboksi ya kizazi cha nane yote ni PCIe 3.0, na humo njia nne zinakuwa shingo ya chupa, hasa pale kumbukumbu ya GB 4 inapojaa. Yaani kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya boksi dogo inaumia ndani ya boksi dogo. GTX 1650 ina njia zote kumi na sita na haina shida hiyo. RTX 3050 ya GB 6 ndiyo bora ya kundi, inaikaribia 1660 Super na ina DLSS, mbinu ya NVIDIA ya kuongeza fremu, juu yake. Kama bei inafikika, chukua hiyo. Lakini soma boksi lake: kuna RTX 3050 ya GB 8 inayokula wati 130, na hiyo haitawaka kwenye OptiPlex.

Kwa upande wa chini, RX 580 inavutia kwa GB 8 na bei yake. Nyingi zimetoka kwenye machimbo ya sarafu za kidijitali, na hilo peke yake halinitishi. Feni na pasta ya joto hubadilishwa. Kinachonisumbua ni mambo matatu. Inakula wati 185. AMD imeiweka kwenye kundi la draiva za matengenezo tangu 2023. Na kuna toleo liitwalo 2048SP, ambalo kwa hakika ni RX 570 iliyovaa jina la kakaye: GPU-Z ikionyesha vitengo 2048 badala ya 2304, lipia bei ya 570.

RX 6600 inakula kidogo kuliko RX 580 na kuiacha mbali, na ukiiweka kando ya GTX 1650 unapata fremu karibu mara mbili au zaidi kwenye gemu nzito. Ina jambo lingine ambalo miaka michache nyuma lilikuwa anasa: inamudu miale ya mwanga (ray tracing), japo kwa unyonge. Doom: The Dark Ages ya 2025 haiwaki kabisa kwenye kadi isiyo na uwezo huo, maana yake GTX 1660 Super na RX 580 ziko nje ya mlango, na gemu za namna hiyo zitaongezeka. Mwishoni mwa 2025 AMD iliitenga familia ya RX 6000 kwenye tawi la peke yake la draiva, lakini ikasema gemu mpya zitaendelea kuhudumiwa.

Ukiinunua iliyotumika, iwashe mbele ya muuzaji, uibane kwa FurMark, programu ya kuichosha kadi, robo saa, usikilize feni na utazame kama madoa ya rangi yanatokea. Muuzaji anayekataa jaribio la robo saa amekujibu.

RAM na kioo

Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda bei vibaya, kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili bandia. Hili limebadilisha hesabu kuliko watu wanavyodhani. Boksi la ofisini linalokuja na GB 16 ndani sasa lina thamani ambayo mwaka mmoja nyuma halikuwa nayo, na anayeunga mwenyewe atafanya vizuri kutafuta DDR4 iliyotumika. RAM huharibika mara chache, na Memtest86 ya usiku mmoja inatosha kuikagua. GB 8 hazitoshi tena. SSD ya GB 500 ndiyo ya kuanzia, kwani GTA V peke yake inataka zaidi ya GB 100, na kuipakua upya kwa bando kila ukikosa nafasi ni adhabu.

Kioo chako nacho kina neno. Kama unachezea kwenye runinga au monita ya Hz 60, kadi ikitoa fremu 140 kwa sekunde, wewe utaona 60. Na kama monita ni ya ofisini yenye VGA tu, kadi zote za kununua hapo juu hazina tundu hilo. Utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani, si waya mtupu.

Ningechagua nini

Mwanafunzi wa chuo mwenye Valorant, mpira na kazi za darasani: OptiPlex au EliteDesk ndefu yenye i5-8500 na GB 16, GTX 1650 isiyo na tundu la waya, basi. Atacheza kwa utulivu kwenye 1080p na umeme wa nyumbani hautashtuka.

Aliye na kazi, anayetaka gemu zinazotoka mwaka huu na ujao: Ryzen 5 5600 juu ya ubao wa B550, pawa saplai mpya ya wati 550, RX 6600 iliyotumika, kasha lolote lenye matundu mbele. Kama anakaa Tanga, Mombasa au Dar, matundu hayo yana kazi kuliko kioo cha ubavuni, maana joto na chumvi ya bahari havina huruma. Apulize vumbi kila baada ya miezi michache.

Aliye tayari na boksi la kizazi cha nne au cha sita nyumbani asilitupe. Aongeze RTX 3050 ya GB 6, baada ya kuhakikisha boksi ni refu na pawa saplai yake inafika wati 240, acheze kile kinachokubali, na siku akiunga mashine mpya achomoe kadi hiyo ahame nayo hadi apate ya pini 8.